Salamu za Krismasi kutoka Kisumu

Ndugu, jamaa na marafiki,

Heri ya Krismasi kwenu nyote, mlioshafika nyumbani na mliokwama kwenye msongamano wa magari pale Nakuru. Nauli imepanda kama kila Desemba. Fikeni salama, lawama tutazimaliza mezani.

Mwaka huu nina mtu wa kuwatajia. Daktari Cicely Williams alizaliwa Jamaika tarehe 2 Desemba 1893. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimpeleka Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1929, ikamlipa chini ya madaktari wanaume. (Agnes Savage, ambaye baba yake alikuwa Mnigeria, alihitimu udaktari Edinburgh mwaka huohuo. Naye alihudumu Gold Coast, na wenzake Wazungu wakamzidi mshahara. Dhahabu ilikuwa na wenyewe.)

Hospitali ya watoto ya Accra ilimletea Williams watoto wa mwaka mmoja hadi minne, miguu imevimba, ngozi inabambuka, chakula chao ni uji wa mahindi mtupu. Wakubwa wa tiba walishikilia kwamba huo ni ugonjwa mwingine unaojulikana tayari. Yeye akawauliza akina mama. Wakamwambia wanaujua tangu zamani: humpata mtoto aliyetolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Mwaka 1935 akauchapisha kwa jina lao wenyewe, kwashiorkor, utapiamlo unaovimbisha mwili, na ndilo sisi wa hospitalini tunaloandika kwenye faili mpaka leo.

Akahamishiwa koloni la Malaya, Malesia na Singapore za leo. Huko alikuta wanawake waliovalishwa kama wauguzi wakiwauzia wazazi maziwa ya kopo yenye sukari, na watoto wakifa. Mwaka 1939 alisimama Singapore mbele ya waheshimiwa akasema wazi kwamba vifo hivyo vihesabiwe kuwa mauaji. Wajapani walipouteka mji mwaka 1942 walimfunga kambini Changi, akala Krismasi tatu akiwa mfungwa. Baadaye alisimulia kwamba watoto 20 walizaliwa kambini, 20 wakanyonyeshwa, 20 wakaishi. Mwaka 1948 akawa wa kwanza kuongoza idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani.

Kwa nini nawaletea haya wakati kuku bado wako chini ya tenga? Kwa sababu nyinyi, wapendwa wangu, mkienda kumwona mama aliyejifungua mnabeba maziwa ya kopo na biskuti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inawakataza wenye kampuni kuyatangaza, lakini hakuna sheria ya kumzuia shangazi. Mpelekeeni mama chakula chake: omena, mayai, njugu, maharagwe, mboga ya kunde. Akila ashibe na apumzike, ananyonyesha vizuri. Mama aliye mgonjwa ashauriane na kliniki, si na wageni.

Halafu mtazameni yule mkubwa wa miaka miwili aliyepokonywa nafasi. Sikukuu huwa kali kwake. Anazungushwa mikononi mwa wageni, anapewa soda na kipande cha chapati kilichochovywa kwenye mchuzi, nyama inaishia kwa watu wazima. Ukimwona amenuna siku nzima, hataki kucheza, mbonyeze mguu kwa kidole gumba, upande wa juu wa unyayo, si chini yake, taratibu, sekunde chache. Fanya hivyo miguu yote miwili. Shimo likibaki kwenye yote miwili, msingoje Januari. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mhudumu wa afya wa kijijini ana utepe wa rangi wa kupimia mkono, na ukisomeka nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, safari ni ileile. Mashavu manene yasiwadanganye. Nyanya husema "amenenepa" kumbe ni maji.

Mimi niko zamu tarehe 25, kwa hiyo kanisani mtaimba bila mimi, na sauti ya pili itawashinda. Nafika tarehe 26 jioni. Niwekeeni firigisi. Mzee amekula zake miaka yote, mwaka huu ataelewa.