Babu alikuwa Keya? Tafuteni namba yake

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu ambao babu zao walikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, maana kila siku unakutana na mtu anamtafuta babu yake aliyepigana vita vya Mwingereza afu ukimuuliza anaitwa nani anakwambia Juma Hamisi, basi. Jamani, Juma Hamisi KAR walikuwa wangapi? Na karani aliandika jina kama alivyolisikia, Hamisi anakuwa Amis, Mohamedi ndo usiseme. Kinachomtenga mtu na wenzake ni namba ya jeshi.

Anzeni na sanduku la bibi, humo ndo hukaa cheti cha kuachishwa jeshi. Chetu kilikunjwa miaka na miaka, kunjo limepita juu ya namba kabisa, hatujui ni 3 au 8, mpaka tulipokipiga picha kwa simu jua la asubuhi likiingia kwa ubavu ndo tukaona ni 8. Nishani nazo zigeuzeni, za vita ya kwanza zilichongwa namba na jina ukingoni, ila za vita ya pili kama ile nyota ya Burma nyingi hazina kitu.

Tafuteni na batalioni, yaani kikosi chake. Ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na 1942 watu wake walipigana Madagaska, wa batalioni ya 26 na ya 36 wakaenda Burma (Myanmar ya leo) 1944, kwa hiyo hata ile stori ya babu kupanda meli inapata mahali pake.

Kama alifia vitani, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ina orodha kwenye intaneti na kutafuta ni bure. Usipomwona usiseme babu alidanganya watu! Tume yenyewe ilikiri 2021 kwamba marehemu wa vita ya kwanza wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na wapagazi ndo waliosahaulika zaidi.

Afu wale wanaopita vijijini na fomu za fidia, mi siwaamini. Kwetu alikuja mmoja akachukua hela ya jirani pamoja na cheti orijino, hadi leo hajaonekana. Mtu akitaka karatasi mpe fotokopi, orijino isitoke ndani.

Mjukuu wa Keya,
Tabora