Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote hamjambo. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awapelekee wanachama taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu, ili kila mtu aje na maswali yake tayari. Ndiyo hii. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitazigusa ila pale zinapohusu tiketi.

Kwa waliojiunga karibuni: sisi ni wapenzi wa michezo ya muziki ya jukwaani, Waswahili na wasemao Kiswahili tunaoishi London na vitongoji vyake. Tunakwenda kutazama, kisha tunakaa tunabishana. Ziara za mwaka huu zilikwenda salama na hazina mengi ya kusimulia. Mabishano ndiyo yaliyotushinda kuyamaliza, kwa hiyo taarifa hii itakuwa hasa ya mabishano.

Kiangazi chote tulikuwa na habari moja tu, Evita pale London Palladium. Mwongozaji alikuwa Jamie Lloyd, na Eva Perón, mke wa rais wa Argentina ambaye mchezo unamhusu, aliigizwa na Rachel Zegler. Kila mtu anajua ule wimbo mkubwa ambao Eva anawaimbia wananchi wa Argentina kutoka roshani ya ikulu. Zegler hakuuimba jukwaani. Alitoka akasimama kwenye roshani ya ukumbi inayoelekea Argyll Street, akawaimbia wapita njia bure, na sisi tuliolipa tukamtazama kwenye skrini. Baada ya siku chache barabara ile ikawa haipitiki saa ya wimbo.

Chama kiligawanyika papo hapo. Upande mmoja ulisema huu ni uonevu: mtu amejinyima, amekata tiketi, halafu kile alichokifuata anapewa aliyetoka kununua soksi. Mzee wetu mmoja wa Lamu alitaka kabisa tuandike barua ya kudai nusu ya fedha zetu. Upande wa pili ulisema hapo ndipo mchezo ulipokamilika, kwa kuwa Eva mwenyewe nguvu zake zilitoka kwa makabwela, wale walioitwa wasio na mashati, na hotuba zake alizitoa roshanini. Siku ile watu wa barabarani walikuwa umma wake. Sisi tuliokaa kwenye viti vya bei tulikuwa wale matajiri wa Buenos Aires waliokuwa wakimtazama kwa mbali huku wamenuna.

Niseme msimamo wangu, maana mwenyekiti asiye na maoni ni karani. Mimi niko na upande wa pili. Wakati wimbo ule ukiendelea niligeuka kuangalia nyuso za waliokaa karibu nami, na kununa kwao kulikuwa sehemu ya onyesho. Tena Palladium ina viti zaidi ya 2,200. Aliyekaa ghorofa ya juu kabisa hajawahi kuona uso wa mwigizaji tangu ukumbi ujengwe. Usiku ule aliona machozi. Lloyd hakuanzia hapo pia. Mwaka 2023, katika mchezo wa Sunset Boulevard pale Savoy, alimtoa mwigizaji Tom Francis nje akaimba akitembea barabarani huku kamera ikimfuata. Waliosema Evita ilikuwa kiini macho kilichobuniwa kwa ajili ya simu za watu wangekumbuka kwamba huyu bwana ana mtindo wake, apende mtu asipende.

Lakini kilichonikera si hoja za upande wowote. Kuna wanachama walisimama Argyll Street, wakasikia wimbo mmoja, wakarudi na hukumu ya mchezo mzima: uimbaji, uchezaji, mavazi, hata mwanga wa jukwaani ambao hawakuuona. Kamati imeamua hivi: aliyeona roshani azungumzie roshani. Na waliokwenda siku ambazo Eva aliimbwa na Bella Brown, mwigizaji mbadala, wasilazimishwe kuomba radhi kana kwamba waliuziwa mali bandia. Wawili waliomwona walirudi wamefurahi kuliko wengi wetu. Bibi yetu mmoja, aliyemwona Elaine Paige akiwa Eva katika ukumbi wa Prince Edward mwaka 1978 mchezo huu ulipoanza, aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akasema Paige hakuhitaji skrini. Hapo pande zote mbili zilinyamaza kwa heshima ya umri.

Tarehe 8 Oktoba Les Misérables ilitimiza miaka 40 London. Nilidhani hapa tungepumzika, maana mchezo huu tunaupenda sote. Sivyo. Vijana wetu wanaujua kama unavyochezwa sasa Sondheim Theatre, Shaftesbury Avenue, na nyuma ya waigizaji picha zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe. Wakubwa wanaukumbuka ule wa zamani ulioongozwa na Trevor Nunn na John Caird, ambao jukwaa lake lilikuwa likizunguka. Ukumbi ulifungwa mwaka 2019 kwa ukarabati, na ulipofunguliwa kwa jina jipya jukwaa la kuzunguka halikurudi.

Kwa asiyewahi kuliona, nieleze hasara yenyewe ni ipi. Vita vya kizuizi, kile walichojenga waasi barabarani Paris, vikiisha, kizuizi chote kilikuwa kikigeuka polepole bila neno, na upande wa pili unamwona Enjolras, kiongozi wa waasi, amelala kichwa chini, na bendera nyekundu imetandazwa chini yake. Hakuna aliyeimba na hakuna aliyesogea, jukwaa lenyewe ndilo lililotoa habari. Siku hizi maiti yake inapitishwa kwenye mkokoteni. Inaumiza, sikatai, ila ule mgeuko ulikuwa na ukatili ambao mkokoteni hauna. Vijana walijibu kwamba huwezi kulilia kitu usichowahi kukiona, na kwamba katika mchezo wa sasa sura za watu zinaonekana vizuri zaidi na hadithi haipotei. Hoja ina uzito. Nimewasikia hata baadhi ya wakubwa wakikiri, kwa sauti ya chini, kwamba miaka ile kuna mahali walikuwa hawaelewi nani amemfanya nini nani.

Nikiwa hapo niwakumbushe wanaotegemea magazeti kabla ya kukata tiketi: mchezo huu ulipofunguliwa katika ukumbi wa Barbican mwaka 1985, wahakiki wengi waliuponda. Watazamaji ndio waliojaza ukumbi, na Desemba ya mwaka huohuo ukahamia ukumbi wa Palace. Wangewasikiliza wahakiki, mwaka huu tusingekuwa na sherehe.

Ziara ya watoto na wanachama wapya ilikuwa The Lion King, Lyceum, kama kawaida yetu. Mchezo uko pale tangu Oktoba 1999, na nikiulizwa mgeni aanze na nini, jibu langu halijabadilika. Kila mwaka kuna mgeni anayekuja akidhani ataelewa kila neno kwa sababu ya Simba, Rafiki na Pumbaa, kisha anagundua kuwa nyimbo nyingi za kikundi ni za Kizulu na lugha nyingine za Afrika Kusini. Hiyo ni kazi ya Lebo M, mtunzi wa Afrika Kusini, na sauti zile za waimbaji wa Afrika Kusini ndizo zinazokupandisha nywele kabla hata mnyama hajatokea. Waliowahi kumsikia Brown Lindiwe Mkhize, aliyekuwa Rafiki hapo kwa miaka mingi, bado wanampima naye kila anayekuja baada yake. Nawaomba waache, sauti ya mtu si kijiti cha kupimia wengine.

Ushauri wa viti, maana huulizwa kila mara: kaeni chini, karibu na ujia. Mwanzoni wanyama wanapita katikati ya watazamaji, na tembo akikupita ubavuni utaona namna mwongozaji Julie Taymor alivyoisuka kazi ile: hakumficha mwigizaji ndani ya mnyama, kamwacha aonekane, uso wa mtu na uso wa mnyama kwa pamoja. Mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa muziki. Watoto wetu hawakujali tuzo, walitaka kujua twiga anatembeaje. Anatembea kwa miguu minne ya miti iliyofungwa kwenye mikono na miguu ya mtu, na mwenye mashaka ajaribu nyumbani juu ya zulia.

Sasa suala la The Book of Mormon. Wanachama wetu kutoka Uganda waliomba lijadiliwe rasmi, na lilijadiliwa. Mchezo unachezwa Prince of Wales tangu 2013, unawahusu wamisionari wa Kimarekani waliopelekwa Uganda, na unachekesha, hilo hatulipingi. Tatizo ni wanavijiji. Waganda wetu walisema kijiji kile hakifanani na mahali popote wanapopajua, na maneno yanayoimbwa kama ya wenyeji hayamo katika lugha yoyote ya kwao. Wengine wakajibu kwamba kinachochekwa ni ujinga wa wale vijana wa Kimarekani, Uganda ile ni Uganda ya vichwani mwao. Mkumbuke kwamba waigizaji weusi waliowahi kuucheza waliandika barua kulalamika, na watunzi wakaupitia upya kabla haujarudi Broadway, New York, Novemba 2021. Kamati haitampangia mtu cha kutazama, kwa hiyo anayetaka aende. Lakini chama hakitaandaa ziara ya pamoja kwa mchezo huu mpaka mkutano mkuu uamue vinginevyo. Hoja imo kwenye ajenda. Naomba isijadiliwe na wasiouona. Kanuni ya roshani inahusika hapa pia.

Adabu ukumbini. Sisi tumelelewa kwenye taarab. Wimbo ukikugusa unainuka, unacheza mpaka mbele, unamtunza mwimbaji, na hakuna anayekushangaa. Hapa ukifanya hivyo utatolewa nje kwa upole mkubwa. Mjadala wa watazamaji kuimba umekuwa mkali nchi nzima tangu Aprili 2023, wakati onyesho la The Bodyguard huko Manchester liliposimamishwa na polisi kuitwa kwa sababu watu waliimba juu ya sauti ya mwimbaji. Wapo kati yetu wanaoona ukimya wa hapa kama msiba. Nawaelewa, tena nawaonea huruma. Nendeni Mamma Mia! pale Novello, mwisho wa mchezo mtainuka na kuimba kwa ruhusa. Kwingine kote, aliyelipwa kuimba aachiwe aimbe.

Kurekodi kwa simu ni marufuku, na anayesambaza video za siri katika kundi letu ataondolewa. Mwaka huu hilo limetokea, na hatua ilichukuliwa.

Jambo lililo zito zaidi kwangu ni namna tunavyowazungumzia waigizaji. Kusema sauti ilipanda kuliko wimbo ulivyotaka, kusema alicheza kana kwamba anasubiri basi, huo ni uhakiki, karibuni. Kuzungumzia unene wa mtu, rangi yake, umri wake au ndoa yake, huo ni umbea, na umbea una mahali pake ambapo si hapa. Watu hawa wanapanda jukwaani mara nane kwa wiki. Anayeugua, nafasi yake inashikwa na mwigizaji wa akiba, pengine mmoja anayebeba kichwani nafasi saba au nane tofauti na kuambiwa mchana kwamba usiku ni ya ngapi. Anapotangazwa kabla ya pazia, wenzetu wengine huguna. Naomba mguno huo tuuache nyumbani. Yale maonyesho niliyofurahi kupita kiasi tangu niingie chama hiki, mengi yalikuwa ya wachezaji wa akiba, labda kwa sababu mtu anayejua nafasi hii inaweza isirudi haachi kitu mfukoni.

Tiketi. Bei za viti vya mbele zimekuwa kejeli. Ziara za kundi zimetusaidia, hasa siku za katikati ya wiki. Kwa wanaokwenda peke yao, kibanda cha TKTS cha Leicester Square, kinachouza tiketi za punguzo, bado ndicho cha kuaminika, na bahati nasibu ya tiketi za mchezo wa Hamilton inaendelea kuwapa wachache furaha na wengi subira. Kampuni moja ya mtandaoni ilituuzia viti vilivyojificha nyuma ya nguzo bila kutuambia. Hatutanunua kwao tena, na jina lao analo katibu kwa atakayehitaji. Kabla ya kulipa, someni kama kiti kimeandikwa kuwa kinazibwa. Huandikwa kwa herufi ndogo, na huandikwa mwishoni.

Mwaka huu tumempoteza mmoja wa waanzilishi wetu. Familia imeomba tusiandike mengi, nasi tunaheshimu. Ile nafasi yake ya mwisho wa safu, upande wa kulia, tuliiacha wazi katika ziara ya Oktoba.

Mwakani, tarehe 9 Oktoba, The Phantom of the Opera nayo inatimiza miaka 40 tangu ilipofunguliwa Haymarket, katika ukumbi ambao leo unaitwa His Majesty's. Kamati inapendekeza ziara kubwa ya mwaka iwe hiyo, na maandalizi yaanze Januari, kwa kuwa tarehe yenyewe itagombewa. Waliofika Broadway kabla mchezo haujafungwa huko Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981, wameombwa watusimulie tofauti za pande mbili. Mmoja tayari anasema taa ile kubwa inayoanguka ilikuwa ikianguka vizuri zaidi New York. Mjiandae kumjibu.

Ada haibadiliki. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, na fomu za kugombea zirudishwe kabla ya mkutano. Anayeitaka ajue kazi yake kubwa ni kukusanya fedha za tiketi kutoka kwa watu wanaosema "natuma sasa hivi".

Mwenyekiti