Jumamosi: Malkia Arwa wa Yemen

Assalaam alaykum dada zangu. Jumamosi baada ya Alasiri tunamsoma Arwa wa ukoo wa Sulayhi, aliyefariki 1138. Alilelewa na Asma bint Shihab, ambaye baadaye akawa mama mkwe wake, akakua anajua kusoma, kuandika, mashairi na historia. Husimuliwa alimwomba mumewe awakusanye watu wa Sanaa: wakaja na panga na mikuki. Watu wa mji wa Jibla walipoitwa, huyu kaja na kondoo, yule na chungu cha samli. Makao ya utawala yakahamia Jibla! Hicho chungu hakinitoki kichwani. Enzi zake hutuba ya Ijumaa ilitaja jina lake, na kaburi lake limo msikitini mwake Jibla. Mwenye ramani ya Yemen aje nayo, tafadhali.