Risala ya timu ya wasichana ya softiboli kwa mgeni rasmi

Mgeni rasmi shikamoo. Mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, poleni na jua.

Mwaka huu tumeamua risala yetu isianze na matatizo, ianze na mtu. Anaitwa Rachel Balkovec, mzaliwa wa Omaha kule Nebraska, Marekani, mwaka 1987, na chuoni alikuwa anacheza softiboli kama sisi, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mpaka magoti yanauma.

Alipomaliza akataka kazi ya kufundisha mazoezi ya mwili kwenye timu za besiboli za wanaume. Mgeni rasmi, dada wa watu alituma maombi weee, hola. Basi kwenye CV akafuta Rachel akaandika Rae, jina ambalo hata mwanaume anaweza kuitwa, simu zikaanza kuita, ila wakisikia sauti ya kike mambo yanabadilika. Siku mwalimu wetu alipotusomea sehemu hii ya habari yake darasa zima lilinyamaza, maana na sisi tunajua kuambiwa uwanja ni wa wavulana.

Hakuacha. 2014 St. Louis Cardinals wakamwajiri kwenye timu zao za ligi za chini, zile ambazo timu kubwa inakuzia vijana wake, 2016 akahamia Houston Astros kushughulika na vijana wa Amerika ya Kilatini, akajifunza Kihispania ili aongee nao mwenyewe, baadaye akaenda mpaka Amsterdam kusoma tena, na 2019 New York Yankees wakamchukua awe kocha wa upigaji kwenye ligi za chini.

Januari 2022 ndo wakamtangaza meneja, yaani kocha mkuu, wa timu yao ya vijana Tampa Tarpons ya Florida, mwanamke wa kwanza kuwa meneja wa kudumu wa timu ya ligi za chini iliyo chini ya timu kubwa. Machi mpira ukampiga usoni mazoezini. Aprili 8 akasimamia mechi yake ya kwanza kule Lakeland, wakashinda 9-6!

Na kazi yenyewe ni ngumu jamani, ni kulea vijana wadogo walio mbali na kwao, ni mabasi kila wiki, halafu kijana akishaiva tu anapandishwa ngazi ya juu anakuacha, yaani ukifundisha vizuri ndo unanyang'anywa mchezaji. Amefanya hivyo misimu miwili, na Januari 2024 Miami Marlins wakampa ukurugenzi wa kuendeleza wachezaji.

Mgeni rasmi, glavu hazitoshi, hilo unaliona. Lakini ombi letu la kwanza sio glavu, tunaomba wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne wasaidiwe kwenda kozi ya ukocha, wakirudi wafundishe hata timu ya wavulana. Mmoja wao aliomba mwaka jana akaambiwa asubiri kwanza kocha mwanaume apatikane. Yupo hapa, mstari wa pili, mwenye filimbi shingoni.

Tunaomba kuwasilisha.