Michoro ya kejeli dhidi ya Waskoti haikuwa utani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu historia ya katuni, na nimesikitika kuona michoro iliyowadhihaki Waskoti mjini London katika karne ya 18 ikipewa sentensi moja tu, tena ikiitwa utani wa majirani. Utani tunaoujua sisi huenda na kurudi, maana mtani naye ana zamu yake ya kusema. Michoro ile ilichongwa London, ikauzwa London, na Mskoti alikuwamo ili achekwe.

Aliitwa Sawney, na sura yake ilikuwa ileile miaka nenda miaka rudi: fukara, amevaa kilti (vazi la wanaume la Kiskoti linalofanana na sketi), anajikuna upele. Mchoro mmoja wa 1745 unamwonyesha chooni, ametumbukiza miguu yote miwili katika matundu kwa kutojua choo kinavyotumika. Ulitoka mwaka uleule ambao jeshi la Charles Edward Stuart, aliyetaka kuirudishia familia yake kiti cha ufalme, liliteremka kutoka Uskoti hadi Derby, mji wa katikati ya Uingereza, na kuitia London hofu kubwa. Mchora katuni James Gillray aliuchora upya mwaka 1779, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Sheria iliyotungwa 1746, baada ya vita vya Culloden ambako jeshi hilo lilishindwa, iliwakataza raia wanaume wa Uskoti kuvaa vazi la Nyanda za Juu, yaani milima ya kaskazini, ikiwamo kilti, na haikufutwa hadi 1782. Kwa hiyo Sawney alichekwa kwa vazi ambalo wenyewe walizuiwa kulivaa kwao, na ambalo Waskoti wengi wa nyanda za chini hawakuwa na desturi ya kulivaa kamwe.

Chuki hiyo ilichochewa pia na vyeo. John Stuart, Earl wa Bute, alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1762, Mskoti wa kwanza kushika wadhifa huo tangu Uskoti na Uingereza ziungane mwaka 1707, wachoraji walimgeuza buti, kwa kuwa jina lake lilisikika hivyo, wakidai kwamba anawagawia Waskoti wenzake ofisi za serikali. Mwaka 1796 mchoraji Richard Newton alichora kundi zima la Waskoti likishuka kutoka angani juu ya London.

Ninaomba, Ndugu Mhariri, mtakapoichapisha tena michoro hii, mwaka wake na sheria ya 1746 viandikwe chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam