Kikao cha Jumamosi: riba, madeni na sera

Mashehe, wachungaji na wahadhiri wetu, salaam kwenu nyote.

Tunakutana Jumamosi, Kibuli, saa nne kamili asubuhi. Mada ni benki zisizotoza riba. Sheria iliziruhusu hapa Uganda mwaka 2016, lakini leseni ya kwanza ilitoka 2023 tu. Miaka saba! Naomba wachumi watueleze kilichokwamisha.

Tuanze na murabaha, njia moja ya benki hizi ya kuuza kwa faida badala ya kukopesha kwa riba, maana wengi wanaisikia bila kuielewa. Kijana anataka bodaboda. Benki haimpi fedha mkononi. Inainunua pikipiki yenyewe, inaimiliki, kisha inamuuzia kwa bei ya juu zaidi waliyokubaliana, alipe kidogo kidogo. Akichelewa, bei haipandi. Sasa mali imeuzwa mara mbili: je, kodi nayo itozwe mara mbili? Hapo ndipo fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inapokutana na Wizara ya Fedha, na hapo nataka tukae muda mrefu.

Wachungaji, msidhani hili ni la Waislamu peke yao. Kampeni ya kufuta madeni iliyoegemea yubilei ya Walawi 25 (mwaka wa hamsini, wa kuwaachia watu huru na kurudisha ardhi kwa wenyewe) iliongozwa sana na makanisa, na mwaka 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kupunguziwa deni chini ya mpango wa Benki ya Dunia na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa). Nafuu ile ilisaidia shule za msingi, afya na maji. Sauti ya dini ilifika hazina ya serikali, na inaweza kufika tena.

Wa Mbale na Jinja, nijulisheni kabla ya Alhamisi jioni nipange nauli.