Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: picha za mihogo tumezipata, jedwali lake liko wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JEDWALI LA MAELEZO YA PICHA ZA MAJANI YA MIHOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hongera kwa hafla ya Jumatano. Nilikuona kwenye taarifa ya habari ukikata utepe na kutangaza kwamba picha sasa ziko wazi kwa watafiti wote. Usiku huohuo nikanunua bando, nikazipakua. Nimekuta mafaili yenye majina mapya kuanzia 0001, yamebanwa, mahali pamefutwa, aina ya simu imefutwa, na tarehe ni moja kwa picha zote: siku mliyozipandisha mtandaoni.

Kwenye semina ulituahidi, mbele ya maofisa ugani, kwamba jedwali lenye shamba, tarehe, simu na aina ya mbegu lingetoka kabla ya Pasaka. Hukutaja ya mwaka gani.

Mwaka 2016 watafiti walifunza modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutambua ugonjwa wa mmea kwa picha, kwa picha 54,306 za majani za PlantVillage, mkusanyiko wa picha ulio wazi kwa watafiti, ikapatia asilimia 99.35. Walipoipa picha zilizotoka kwingine ikaporomoka hadi asilimia 31 hivi. Mwaka 2022 mtafiti mwingine akachukua pikseli (nukta za picha) 8 tu za pembeni mwa kila picha hizo, jani lenyewe halimo, na modeli bado ikapatia asilimia 49. Ilikuwa inausoma ugonjwa, au karatasi lililolazwa chini ya jani?

Nami ndiko ninakoelekea. Bila namba ya shamba, picha za shina moja zinaangukia kote kuwili, kwenye kufunzia na kwenye kupimia, na matokeo yangu yanakuwa ya mtihani uliovuja. Bila jedwali siwezi kuiambia modeli kwamba jani hili lililopigwa asubuhi kwa simu moja ndilo lilelile lililopigwa jioni kwa simu nyingine, ili ijifunze kupuuza mwanga na kamera, ibaki na dalili za ugonjwa wenyewe, batobato au michirizi kahawia. Hapo ndipo tungepumua, maana mtaalamu asingelazimika kuweka lebo, yaani jina la ugonjwa, kwenye kila picha.

Ufadhili wangu umekwisha. Kompyuta ya kukodi nailipia kwa saa, kutoka mfukoni. Msimamizi wangu ameacha hata kuniuliza nimefikia wapi.

Ofisini kwako naambiwa suala liko kwenye mchakato. Mara ni faragha ya wakulima. Sawa, ondoeni GPS mtuachie kata na namba ya shamba. Mara ofisa aliyekuwa nalo kahamishwa na kompyuta yake. Mimi nahisi kuna mtu aliziona safu zile ni takataka, akafuta ili faili liwe dogo.

Sihitaji semina nyingine wala fulana. Naomba jedwali. Likiwa na makosa, leteni. Likiwa kwenye daftari, lipigwe picha kwa simu nitalichapa mwenyewe (na tarehe msiifute). Jedwali tu, Mkurugenzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa uzamili